Nani Aliyechelewa?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa mtaani Manyatta, Kisumu, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wanafunzi wa afya ya umma, wazee wa mtaa na majirani waliovutwa na harufu ya mandazi. Waliokosa kufika wameiomba. Naiweka yote kama nilivyoitamka, ila michoro ya ukutani nimeiacha. Hata hivyo stima ilipotea katikati, na sikumsikia mtu akiililia michoro hiyo.

Oyawore uru. Hamjambo nyote?

Wazee wangu, akina mama, chifu wetu, na nyinyi vijana wa chuo mliokaa nyuma kana kwamba nitawauliza maswali, nawashukuru kwa kunialika. Mwenyekiti ameniita daktari. Ni kweli, lakini nitoe onyo mapema ili tusigombane wakati wa chai. Mimi ni daktari wa hesabu. Ukiniletea kikohozi nitakuuliza unaishi wapi, nyumba yako ina madirisha mangapi, maji unachota kwa nani, halafu nitakuacha na kikohozi chako. Shangazi yangu hajanisamehe jambo hilo. Husema: shule yote ile, na sindano hujui kudunga?

Kazi yangu ni kuuliza kwa nini watu wa mahali fulani huugua zaidi na kufa mapema kuliko watu wa mahali pengine. Nimeifanya tangu nilipokuwa na nywele nyeusi. Leo sikuja kuwasifia kazi hiyo. Nimekuja kuwasimulia kosa, na kosa ni langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilikuwa nikiwahoji akina mama waliolazwa na watoto wenye malaria kali. Hospitali sitaitaja. Nilikuwa na fomu niliyoitunga mwenyewe, kurasa 6, na niliibeba kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Swali la 14 lilisema: "Kwa nini ulichelewa kumleta mtoto hospitalini?" Chini yake palikuwa na visanduku vya kutia alama. Kutojua dalili. Mila na desturi. Alianza kwa mganga. Mume hakutoa ruhusa. Umbali. Nyingine.

Mama mmoja kutoka tambarare za Kano, hapa hapa Kisumu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Binti yake wa miaka 2 amelala ubavuni, mkono wenye mrija wa damu umefungwa kwa kipande cha katoni ili asiukunje. Leso ya mama ilikuwa na tope lililokauka mpaka usawa wa magoti. Nikamsomea swali la 14.

Akanitazama. Akasema, "Sikuchelewa."

Nikadhani hakunielewa. Nikalisoma tena polepole, kwa ile sauti tunayoitumia kwa watu tunaodhani hawakusoma. Mnaijua sauti hiyo. Akasema, "Daktari, nimekuambia sikuchelewa. Kalamu si unayo? Andika."

Akaanza kunihesabia. Jumatatu usiku mtoto alichemka mwili. Jumanne, jua halijatoka, alimfunga mgongoni akavuka maji, kwa sababu mto Nyando ulikuwa umevunja kingo, akafika zahanati saa moja asubuhi. Mlango umefungwa. Nesi alikuwa mmoja tu, na siku hiyo alikwenda mjini kuchukua chanjo. Akarudi saa tano. Mtoto akachomwa kidoleni, malaria ikaonekana, dawa hakuna. Nenda ukanunue, akaambiwa. Kwenye duka la dawa alikuwa na shilingi 50, akauziwa vidonge vya shilingi 50, yaani hata nusu ya dozi haikufika. Jumatano akauza kuku wake wa mayai. Jioni ile watu wawili wa bodaboda wakaangalia maji barabarani wakakataa. Alhamisi alfajiri wa tatu akakubali kwa shilingi 300. Na hivyo ndivyo alivyofika mbele yangu, mimi na swali langu la 14.

Nawauliza, wenzangu. Katika siku zile, ni saa gani mama huyu alikaa bila kuhangaika? Nitajieni hata moja.

Nani aliyechelewa? Dawa ilichelewa. Nesi wa pili, ambaye alipaswa kuajiriwa ili mlango usifungwe, alichelewa. Daraja lilichelewa. Mama peke yake ndiye aliyefika, na mama peke yake ndiye niliyemwandika. Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha daraja. Nikatia alama penye "Umbali", nikageuza ukurasa, maana foleni ilikuwa ndefu.

Umbali! Mnajua kwenye ramani yetu nyumba ya mama yule ilikuwa kilomita ngapi kutoka zahanati? Hazikufika 4. Na mipango yetu ya afya hulenga kituo kisizidi kilomita 5 kutoka kwa mwananchi. Kwa hiyo mama yule alikuwa amekwisha kuhudumiwa. Alikuwa ndani ya rangi ya kijani. Tulipiga mstari ulionyooka kutoka nyumbani kwake hadi zahanati, mstari ukapita juu ya mto, juu ya majaruba ya mpunga, juu ya ule udongo mweusi unaomvua mtu kiatu. Ramani haina tope, ndugu zangu.

Sasa, jambo la kwanza ninalotaka tulione pamoja. Tofauti za afya tunazozizoea si za kuzaliwa nazo. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulipima damu za watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14. Nchi nzima, asilimia 6 walikuwa na vimelea. Huku kwetu ukanda wa ziwa, asilimia 19. Zaidi ya mara 3. Je, mbu wa Kisumu wana kinyongo na sisi? Sitawadanganya, sehemu ya tofauti hiyo ni joto la ziwa na maji yaliyotuama. Mbu hapendi baridi ya Limuru. Lakini mbu huanza tu kazi. Anayeimaliza ni mlango uliofungwa saa moja asubuhi.

Wengi wenu mnajua Nakuru. Nilisoma huko miaka 2 ya sekondari, na nilikaa dawati moja na kijana mwenye akili kuliko sisi sote. Alikuwa anacheka amefunga mdomo. Mtu akitoa kichekesho, yeye huinua daftari mpaka puani. Meno yake yalikuwa ya hudhurungi, yenye madoa kama kuta za nyumba iliyovuja. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa ajifunze kupiga mswaki. Mbele ya darasa! Kijana yule alikuwa akipiga mswaki mara tatu kwa siku, nimemwona kwa macho yangu, mpaka ufizi unatoa damu.

Meno yake hayakuwa machafu. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na miamba yake hutoa floraidi ndani ya maji ya visima. Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi, mtoto anapokunywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi, jino hutoka tayari lina madoa, na mswaki hauwezi kitu. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka kikomo hicho. Dawa yake? Maji ya mvua. Au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ililitengeneza kwa miaka mingi. Mifupa tu, ile tunayowatupia mbwa. Au ukiwa na pesa, maji ya chupa.

Mnaona sasa? Watoto wawili, mji mmoja, mwamba mmoja chini ya miguu yao. Mmoja nyumba yao ina tangi na mabati ya kukinga mvua, mwingine anakunywa cha kisimani kwa sababu ndicho kilichopo. Baada ya miaka 20 wote wawili wameitwa kwenye usaili wa kazi ya kaunta ya benki. Nani ataambiwa atabasamu? Rafiki yangu alikwenda usaili kama huo. Alirudi akaniambia hakuulizwa hata swali moja la hesabu.

Na msidhani jambo hili ni la Afrika pekee. Mwaka 1967 watafiti mjini London walianza kuwafuatilia maelfu ya wanaume waliokuwa waajiriwa wa serikali ya Uingereza. Hao hawakuwa maskini wa kulala njaa. Kila mmoja ana mshahara, ana ofisi, na hospitali za nchi ile hazimtozi mgonjwa mlangoni. Michael Marmot na wenzake walipohesabu vifo, waliona tarishi na bawabu wakifa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara 3 kuliko wakubwa wa ghorofa ya juu. Na haikuwa juu na chini tu. Ilikuwa ngazi kwa ngazi. Wa ngazi ya pili walikufa zaidi kuliko wa kwanza, wa tatu kuliko wa pili. Walipoondoa sigara katika hesabu, na shinikizo la damu, tofauti kubwa ilibaki palepale. Kuna kitu katika kuamrishwa siku nzima, bila kuwa na neno juu ya kazi yako mwenyewe, ambacho huula moyo wa mtu. Wahenga wa pwani walikwisha sema: dau la mnyonge haliendi joshi. Wao hawakuhitaji miaka ya kufuatilia mtu.

Maji ya hapa kwetu nitayapitia haraka, mnayajua kuliko mimi. Mwaka fulani nilihesabu nilichokuwa nikilipa kwa maji ya bomba nyumbani, nikakihesabu na cha dada anayenisaidia kazi, anayeishi mtaa wa Nyalenda na kununua kwa mtungi. Shilingi 5 kwa lita 20. Kwa lita 1,000 ni shilingi 250, na hapo ni kama amejitwisha mwenyewe, hajamlipa mtu wa mkokoteni. Bili yangu kwa maji kama hayo haikufika nusu. Mimi mwenye mshahara. Nilimwonyesha hesabu ile nikidhani atashangaa. Akaniambia, "Kwani ulikuwa hujui?"

Jambo la pili, na hapa nataka wahudumu wa afya ya jamii mnisikilize vizuri, kwa sababu ni habari njema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, waligawa vyandarua vyenye dawa Asembo na Gem, kule Siaya. Vijiji vingine vilipewa mwanzo, vingine vikasubiri ili vilinganishwe, navyo vikapewa utafiti ulipokwisha. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 5 vilipungua kwa takriban asilimia 16. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Kuna wazee humu ndani wana wajukuu kwa sababu ya asilimia hiyo.

Lakini ninalolipenda mimi ni jingine. Walipotazama zile boma ambazo hazikupewa vyandarua, waliona kitu ambacho wengi hawakukitarajia. Boma isiyo na chandarua, ikiwa iko ndani ya mita 300 kutoka boma zenye vyandarua, watoto wake walikingwa karibu sawa na watoto wa jirani. Hawana chandarua! Wamekingwa na chandarua cha jirani. Sababu ni kwamba dawa iliyo kwenye wavu huua mbu. Yule mbu ambaye angetoka kwa jirani saa nane za usiku aje kwako, amefia kwa jirani.

Mita 300 ni kama kutoka mlango wa ukumbi huu hadi pale wanapouza samaki. Basi mtu akikuambia afya ni mambo ya mtu na nyumba yake, mwambie aende Asembo. Mwambie pia upande wa pili wa hesabu hiyo: kama kinga ya jirani hukufikia, basi ukosefu wake hukufikia pia, hata ukijenga ukuta na kuweka geti lenye mlinzi.

Na hapo hapo kwenye vyandarua niseme kitu kitakachowaudhi wengine. Mmeviona fukwe za ziwa, vyandarua vya serikali vimetandazwa kwenye mchanga, omena, wale dagaa wa ziwani, wamemwagwa juu wanakauka. Kila mgeni anayekuja hupiga picha. Kisha anaandika: wananchi hawajaelimishwa. Mimi nilipoenda kwa mara ya kwanza nilikuwa na daftari tayari, nikamkuta mama mmoja ameinama, anawageuza omena kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto kitandani. Nikamuuliza chandarua kile si cha kulalia? Akaniambia cha kulalia kiko ndani kimetundikwa, twende nikakione. Kilikuwa kimetundikwa kweli. Cha nje kilikuwa cha zamani, kimetoboka. Kisha akaniambia omena wakikaushwa mchangani bila wavu huingia changarawe, na omena wenye changarawe huuzwa kama chakula cha kuku. Tofauti ya bei ndiyo iliyokuwa karo ya mwanawe wa sekondari.

Sisemi kwamba hakuna anayeharibu chandarua kipya. Wapo. Nasema daftari langu lilikuwa limeshaandika jibu kabla sijauliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa nimekuja kuwafundisha watu habari za kunguni wao.

Mama huyo huyo ndiye aliyenieleza jaboya, yaani mwanamke kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza, bila kuzungukazunguka. Mvuvi akirudi na samaki wachache na wanawake wanaongoja ni wengi, pesa pekee haitoshi kupata samaki. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Homa Bay ni asilimia 19.6. Tumehubiri miaka mingapi kuhusu tabia? Makanisani, shuleni, kwenye redio? Mama yule hakuniomba mahubiri wala mpira. Alisema, "Mimi nikiwa na mashua yangu, nani ataniambia nilale naye?" Nikaangalia kwenye fomu yangu. Kisanduku cha mashua hakikuwepo.

Kuna chanjo ya malaria sasa. Watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa watoto wa Afrika walioshiriki majaribio yake, na mwezi wa Septemba 2019 ikaanza kutolewa Homa Bay, kisha kaunti nyingine za huku magharibi. Hapa Kenya ilianza kwa ratiba ya sindano 4, miezi 6, miezi 7, miezi 9, na ya mwisho mtoto akiwa na miaka 2. Nyinyi wahudumu mniambie, ni ipi inayokosekana sana? Naam, ya mwisho, nimewasikia. Mtoto wa miaka 2 anakimbia, halii, hana sababu ya kupelekwa kliniki, na nauli ni ile ile. Mkimkuta mama ambaye mwanawe ameikosa, nawaomba msianze na lile neno. Mnalijua neno ninalolisema.

Jambo la tatu ni zito kidogo, na ni deni letu sisi tunaojiita watafiti.

Nilipokuwa nikianza kazi, tuliingia kijiji kimoja na gari jeupe na kisanduku cha barafu cha kubebea sampuli. Watoto walituona, wakapiga yowe, "Kachinja!" wakatoweka kwenye mahindi. Vijana hamjui kachinja? Waulizeni wazee. Ni yule anayekamata watu usiku na kuwanyonya damu akauze. Wenzangu kwenye gari walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa tumekuja kutoa damu za watu, tukaziweka kwenye barafu, tukaondoka nazo, na wenyewe hawakuwahi kuambiwa ziliishia wapi. Nisaidieni kuelewa: watoto wale walikosea wapi?

Mambo ya kutisha kuliko hadithi ya kachinja yalitendeka kweli. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende kuanzia mwaka 1932. Wakulima maskini. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Walitazamwa tu, ugonjwa uwafanye utakavyo, ili iandikwe. Ilikomeshwa mwaka 1972, baada ya magazeti kufichua. Miaka 40! Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wengi wao wakiwa makaburini. Fomu za ridhaa tunazowapa mtie sahihi leo, na kamati zinazotukagua kabla hatujamgusa mtu, zina mizizi katika aibu kama hizo. Kwa hiyo mtu akikataa kutia sahihi, msimwite mjinga. Anaweza kuwa ndiye mwenye kumbukumbu nzuri.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa Kano.

Siku ile pale wodini, baada ya kumaliza ukurasa wa 6, nilimwambia kama tulivyofundishwa: "Matokeo yakiwa tayari tutarudi kuwaeleza, baada ya mwaka mmoja hivi." Nikaandika tasnifu yangu. Nikapata shahada. Nikapata ya pili. Makala ikachapishwa katika jarida la nje, ambalo kulisoma ni lazima ulipe, na bei yake ilikuwa zaidi ya nauli ya mama yule kwenda na kurudi Nairobi. Katika makala hiyo yeye ni sehemu ya asilimia. Asilimia ya waliochelewa.

Nilirudi baada ya miaka 11. Nisijisifu, hata wakati huo nilikuwa nimeenda kwa utafiti mwingine, nikakumbuka tu nikiwa Ahero, huko huko Kano. Niliuliza uliza mpaka nikapaonyeshwa. Msichana mrefu wa kama miaka 13 alinitolea kiti, akakipangusa kwa upindo wa sketi. Sikumtambua. Ndiye yule wa katoni.

Mama yake alinitambua mara moja. Tukasalimiana, nikakaa, nikatoa karatasi zangu, nikamweleza kwa Kiswahili rahisi tulichokigundua. Akasikiliza mpaka mwisho, heshima zote. Kisha akasema, "Daktari, ulisema mwaka mmoja. Umechelewa."

Nikacheka kidogo, ile ya aibu. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Sababu ni ipi? Ni kutojua dalili?" Nikanyamaza. "Ni mila na desturi za watu wenu?" Binti yake akaanza kujificha uso. "Ulianza kwa mganga? Au mwenzio hakukupa ruhusa?"

Miaka 11! Aliishika fomu yangu kichwani kisanduku kwa kisanduku, kwa mpangilio wake. Mimi mwenyewe niliyeitunga nisingeweza. Nilibaki na kile cha mwisho, "Nyingine". Nikamwambia, mama, andika "Nyingine". Akasema, "Eleza." Kwa sababu fomu ilikuwa na mstari pale: "Nyingine, eleza." Nikajaribu kueleza. Mambo ya ufadhili, mambo ya chuo, barua, wasimamizi, jarida. Nilijisikia nikiongea. Kila nilichokitaja kilikuwa kitu kilichonichelewesha, hakuna hata kimoja kilichokuwa mimi. Na yeye aliniachia nimalize, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

Tulikunywa chai baadaye. Alinipa mayai 6 ya kubeba.

Basi, wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 mmepewa mabegi, mmepewa kipimo cha presha na cha sukari, mmepewa simu, nchi nzima mko takriban 100,000. Na mmeahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Msiniambie mwezi huu imekuwaje, naziona nyuso zenu. Ninachosema ni kwamba nyinyi mnaingia kwenye nyumba ambazo sisi wa chuo tunaziona kwa ramani. Mnajua mto gani hufurika na nesi gani yuko peke yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo haidaiwi kwa kusema "wananchi wetu wanateseka". Chifu amesikia hayo mara elfu. Hudaiwa kwa kusema: Jumanne, saa moja asubuhi mpaka saa tano, mlango ulifungwa, na siku hiyo walirudi nyumbani watoto kadhaa, hawa hapa kwa idadi.

Kwa hiyo mimi na wanafunzi wangu tumetunga fomu fupi, ukurasa mmoja, ya wale wa wadi hii mtakaokubali kutusaidia. Swali la "kwa nini ulichelewa" halimo. Badala yake kuna jedwali lenye safu tatu: saa, ulikuwa wapi, ulimngoja nani au ulingoja nini. Mgonjwa anasimulia safari yake tangu dalili ya kwanza, nyinyi mnajaza. Tumeijaribu na watu wachache. Inachukua muda, siwafichi, kama dakika 20, na ina kasoro. Jana tu mzee mmoja ameniambia safu ya saa haimsaidii mtu asiye na saa, tuweke jogoo, adhana na kengele ya shule. Ana haki. Tutaibadilisha.

Matokeo tutayaleta hapa hapa ukumbini, mwezi wa kumi na moja, kabla hayajaenda kwenye jarida lolote. Katibu ameandika tarehe. Niandikeni na mimi jina, na nambari ya simu, ili nikichelewa mnijue.

Fomu ziko meza ya nyuma karibu na birika la chai. Kalamu ni 30 na ni za chuo, nazitaka zirudi zote. Maswali tuyaanze upande wa akina mama. Yule mama mwenye leso ya manjano ameinua mkono tangu niliposema habari za omena.